Kisa cha Datsun ya Simiyu na Kiti Kilichotazama Nyuma

Tulieni! Nanyi mnaonong'ona kule nyuma, acheni, maana mambo haya sisimulii mara mbili. Mlioko Kibuye na Kondele, nanyi wa Usenge mnaoanika omena, dagaa wa ziwa, tegeni masikio. Nawaletea habari za Simiyu mwana wa Wepukhulu, karani wa bandari, mshika usukani asiyetetereka, na jinsi mwaka ule wa themanini na saba alivyolitiisha gari lake mpaka likakubali kwenda matembezi ya Jumapili. Wengine husifiwa kwa kuteka miji. Huyu aliteka kiti cha nyuma.

Gari lenyewe, enyi watu, lilikuwa Datsun jekundu la milango miwili, na mlango wa tatu mgongoni, ambalo ujanani mwake lilipigana na matope ya mashindano ya magari. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amelifanyia mambo. Aling'oa kiti cha nyuma akasimika mabomba ya chuma, akafunga springi ngumu kama mchi, kisha akatupa sailensa, hata lilipopita Nyalenda jogoo waliwika saa sita mchana. Simiyu alilipenda. Alilipenda kwa mapenzi ya mtu aliyeendesha baiskeli miaka mingi huku akiliota.

Ila mkewe, Elsie, bibi wa neno moja, alilipanda mara moja tu, wakaenda Dunga kula samaki. Walifungiwa ngege mzima wa kukaanga kwenye gazeti, wa kuja kula jioni. Ngege yule alifika nyumbani akiwa uji. Elsie akashuka ameshika kiuno, akasimama mlangoni, akahutubu majirani wote wakisikia.

"Simiyu mwana wa Wepukhulu, nisikilize, na ukuta usikilize! Mama yangu anakuja Jumamosi. Jumapili anataka kwenda Sondu kumwona dada yake. Hii gari yako ikimfikisha Sondu akiwa mzima, na heshima yake ikiwa nzima, sitaisema vibaya mpaka nizikwe. Ikishindwa, Jumatatu Mzee Enos aje ang'oe injini!"

Mzee Enos huyo alikuwa na kinu cha kukamua miwa kule Muhoroni, mpika sukari nguru mashuhuri, na injini ya kinu chake ilikuwa imekata roho. Alikuwa ameshakuja kuipigapiga Datsun boneti kwa kiganja, kama mtu anayenunua fahali. "Yawa, Bwana Simiyu," alisema, "hii moyo iko ndani, itakamua miwa mpaka Yesu arudi." Simiyu alipowaza injini ile ikitapika moshi katikati ya maganda na nyuki, aliogopa, wala sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa mashujaa wote huogopa.

Basi akalipeleka gari Kibuye, kwa fundi Abeid, mjukuu wa Waswahili waliokuja na reli, bingwa wa spana na bingwa zaidi wa maneno. Abeid alilizunguka gari, akainua mikono.

"Bwana Simiyu, naapa kwa aliyeumba chuma! Mnyama huyu amefundishwa kukimbia, hakufundishwa kukaa na watu. Niachie mimi. Nitampa adabu, nitampa haya, nitampa na shokamzoba za teksi ya marehemu Tom, za kumeza mashimo, ambazo hazijawahi kumuumiza mtu!"

Vita vikaanza. Misumeno ililia juu ya mabomba ya chuma yakaanguka moja moja. Springi zile ngumu zikang'olewa zikilaani, zikaingia za teksi, laini, zenye uzoefu wa mama wajawazito. Tumbo la gari likainuliwa lisikwaruze matuta. Sailensa ikarudi mahali pake. Simiyu akalijaribu Nyalenda, na jogoo wakaendelea kudonoa bila kuinua shingo. Mwisho Abeid akasimika kiti cha nyuma, kizuri, cha rangi ya kahawia, akakikalia mwenyewe kwa kiburi, na Simiyu akakaa mbele, akatazama kioo cha dereva cha kuonea nyuma.

Akaona uso wa Abeid. Wote, na meno yake.

"Abeid, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya mtu aliyechomwa mkuki, "tumekwisha."

"Tumekwisha vipi? Kiti hakitikisiki hata kidogo!"

"Kwetu Wabukusu mtu hamtazami mama mkwe usoni. Hamshiki mkono. Hasemi naye ila kwa mdomo wa mtu mwingine. Tangu nimwoe Elsie, najua leso ya Mama Nabututu, sijui macho yake. Sasa umemkalisha ndani ya kioo! Kutoka hapa mpaka Sondu, mimi na mama mkwe, jicho kwa jicho!"

Abeid akakipindua kioo kikatazama dari. "Haya. Shida imeisha."

"Na lori likija nyuma, nitaambiwa na dari?"

"Basi mama afunikwe leso."

"Nimpeleke kwa dada yake kama maiti? Halafu mlango wenyewe! Ili afike hapo nyuma lazima ajikunje apite juu ya kiti changu. Mama mkwe, Abeid! Ajikunje mbele yangu!"

Wakabaki garini, wote wawili wameshindwa, mafuta ya gia yakiwakaukia mikononi. Ndipo Simiyu mwana wa Wepukhulu aliposhuka, akalizunguka gari, akaufungua ule mlango wa mgongoni, akautazama kwa muda mrefu.

"Kigeuze kiti," akasema.

"Kigeuke kiende wapi?"

"Kitazame nyuma. Aingilie huku, akae huku, aone barabara tuliyotoka. Mimi nitaona mgongo wa leso tu."

Na Abeid akaokota spana.

Jumapili ikafika. Mama Nabututu, ambaye Mungu kwa hekima yake alimuumba mfupi, akatoka amevaa nguo ya kanisani na leso yake, akaukuta mlango wa mgongoni umefunguliwa. Simiyu alikuwa amesimama kando, uso kwenye ua wa michongoma.

"Elsie," akasema mama, "mwulize mwenye gari kama mimi ni gunia la mahindi, napakiwa kwa nyuma."

"Simiyu, mama anauliza kama yeye ni gunia."

"Mwambie mama," Simiyu akaihutubia michongoma, "milango ya pembeni ni ya watu wa kujikunjakunja. Huu unafunguka wote. Atakaa bila kumpita mtu, na hakuna macho yatakayomtazama isipokuwa ya barabara."

Mama Nabututu akafikiri. Akapanda bila kujikunja. "Huyu," akamwambia Elsie, "alilelewa."

Wakaondoka. Elsie alikaa mbele ameushika mlango kwa mikono miwili, akiyangoja maumivu ya kiuno kama mtu anayengoja sindano. Tuta la kwanza likaja, likapita. La pili. Baada ya Nyamasaria mikono ikaachia mlango, na walipofika kwenye mashamba ya mpunga, shingo ya Elsie ikalala begani, mdomo wazi, akakoroma.

Hapo ndipo lori lilipotokea. Lori tupu la miwa, likikimbilia kwao Muhoroni, minyororo ikilia, likija nyuma yao kama lisiloliona gari jekundu. Kioo cha Simiyu kilikuwa kimejaa mgongo wa leso, barabara isionekane. Macho yote ya safari ile yalikuwa ya Mama Nabututu.

"Elsie!" akaita. Koroma. "Elsie we! Mwambie mwenye gari!" Koroma.

Mjumbe amelala, mauti yanakuja, na mila ni mila. Mama Nabututu akavuta pumzi, akalinyooshea lori kidole kupitia kioo cha mlango wake.

"Wewe lori! Nasema na wewe, sisemi na mtu mwingine! Mbio hizo, breki umemwachia nani? Ningekuwa mimi ndiyo gari jekundu lililo mbele yako, ningekaa kushoto! Kushoto sana! Sasa hivi, lori!"

Simiyu akaukata usukani. Shokamzoba za marehemu Tom zikaupokea ukingo wa barabara kwa upole, na lori likapita na upepo wake, likawaachia vumbi. Gari likasimama. Simiyu akaupapasa usukani, machozi yakimlengalenga.

"Ewe usukani," akasema polepole, "asante sana. Umetuokoa. Mungu akuweke."

Mama akalijibu vumbi kwa sauti ambayo Simiyu hakuwahi kuisikia ikimjia yeye.

"Vumbi, si neno. Twende tu, vumbi langu."

Elsie aliamka Sondu, akajifuta mdomo. "Tumefika? Mbona hamkuniamsha? Nani alikuwa anapeleka maneno?"

"Maneno gani?" akasema mama, akisubiri kufunguliwa mlango wake.

Jumatatu asubuhi Mzee Enos akaja na trekta na mnyororo. Elsie akamkuta getini, mikono kiunoni, kiuno ambacho hakikuuma.

"Mzee Enos, samahani sana. Rudi Muhoroni. Hii gari haitoki."

"Yawa, mama! Na miwa yangu nitaikamua na nini?"

"Na meno, Mzee."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na asiyeamini aulize michongoma. Wenye kuhesabu ushindi wa wanadamu, kuanzia ngome zilizoanguka hadi majeshi yaliyokimbia, wahesabu na huu: kutoka mashamba ya mpunga hadi Sondu, katika gari la mashindano, Elsie mke wa Simiyu alilala.