Utumbo Wangu na Daktari wa Nairobi

Jumamosi, 8 Mei 1976
Nimekwama kwenye mlango wa chumba cha kitubio, kanisani Chakol. Dhambi ziliingia, tumbo likabaki nje. Shemeji yangu Bwire, katekista, akanisukuma kwa goti mbele ya foleni nzima. Mke wangu Roselida alicheka hadi akakaa chini. Nimeamua kukonda, tena upesi.

Jumatatu, 10 Mei
Njia imepatikana. Paulinus, mwuza vitambaa wa Angurai, alikuwa mnene kunishinda. Mwaka jana daktari mmoja wa Nairobi alimpasua, akaunganisha utumbo ili chakula kiruke sehemu yake kubwa. Unakula utakavyo, unakonda. Mimi ni mchinjaji hapa Malaba, utumbo naujua. Roselida nimemwambia naenda Angurai kutazama ng'ombe.

Jumatano, 12 Mei
Sikumtambua Paulinus. Nilimwamkia nikidhani ni baba yake. Nywele zimenyonyoka, macho ya manjano, miguu imevimba. Chai haijaisha, ameenda choo mara nne. Akaniambia polepole, "Olinga, nimekonda, lakini siwezi kwenda mahali pasipo na choo." Figo zake zina mawe. Aliposimama mara ya tano, akaanguka. Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye pikapu ya jirani. Mtu mzima yule, mwepesi kama mbuzi.

Ijumaa, 14 Mei
Hospitalini. Paulinus ataishi, ila ini linaharibika. Lazima utumbo urudishwe ulivyokuwa. Nikamwuliza daktari, mama Nasimiyu, hatari nyingine ni zipi. Nikasema ni rafiki yangu anayeuliza. Akalitazama tumbo langu. Akasema mshono huweza kuvuja, uchafu ukasambaa ndani. Damu huganda mguuni, ikapanda mapafuni, mtu akafa akiinuka kitandani. Kidonda huoza. Mawe ya nyongo. "Mwambie rafiki yako atembee, na apunguze mafuta."
Nilitoka bila kuaga. Nyumbani nikamweleza Roselida ukweli wote. Hakucheka. Alisema anataka mume mzima, hata akiwa mpana kuliko mlango. Nikamwapia sitapasuliwa.

Jumatatu, 17 Mei
Nilikula kiapo kile nikiwa na hofu. Nimefikiri vizuri sasa. Kosa la Paulinus ni kurukisha utumbo mwingi mno. Nimemwandikia daktari wa Nairobi: mimi anirukishie futi mbili tu, na ashone mara mbili. Barua imeshaingia posta. Halafu nikapita kwa fundi Wandera kushonesha suti. Alipoleta utepe, nikamwambia ajipime kiuno chake mwenyewe, maana yeye ni mwembamba, na hicho ndicho nitakachokuwa nacho.