Mwanzilishi wa Gemu Ni Mimi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimedhulumiwa. Naandika hata viatu sijavua.

Asubuhi ilianza kawaida. Masijala, dirisha, vumbi, mafaili ya likizo. Bosi akaingia. Nikaficha simu chini ya jalada, kwa mazoea tu. Kuna mwaka aliniandikia barua ya onyo kwa kucheza gemu kazini, na kwa kuwa mimi ndiye karani wa mafaili, nililazimika kuifaili mwenyewe. Leo hakuja kuonya. Alikuja kuniuliza jinsi ya kupita hatua ya kumi na nne. Amekwama tangu Ijumaa! Mlinzi wa getini akachungulia na kumwelekeza kwamba pale unaruka kwanza ndipo unapiga. Mhasibu akapinga. Wakabishana robo saa mbele ya meza yangu, watu wazima wenye wajukuu.

Dunia imegeuka. Enzi zetu mcheza gemu alihesabiwa kuwa mtoto aliyeharibika. Nilicheza stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli mbovu, pazia limeshushwa ili skrini ionekane. Nikitoka nje jua linaniumiza macho, nakunja uso, naenda nikipapasa. Mtaa mzima ukaniita Popo. Wasichana waliniita Popo. Iliniuma sana, na sikumwambia mtu. Aliyenibandika jina hilo ni jamaa ambaye leo ni Kinyozi wa kona.

Sasa sikia. Jioni natoka kazini, nakuta bango kwenye ukuta wa ukumbi wa jamii. Mashindano ya Gemu, Jumamosi, wote mnakaribishwa. Chini yake, kwa herufi nene: Mgeni wa Heshima, Kinyozi, Mwanzilishi wa Gemu Mtaani. Jina lake litaandikwa kwenye ubao wa ukumbi, pamoja na waliochimba kisima na waliojenga zahanati. Kwa rangi ya mafuta!

Kinyozi! Aliyekuwa akitupa mawe juu ya bati la stoo yetu!

Nilimweleza mke wangu. Alisema nisubiri, yuko vitani. Anapigana na mama yake kwenye simu. Mama mkwe ana miaka sabini na moja na anaongoza.

Lazima jina kwenye ubao liwe langu. Penye nia pana njia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefanya upelelezi. Nilikwenda kwa Kinyozi nikijifanya nataka kunyolewa. Viti vitatu vya kunyolea, runinga tano. Foleni hadi barazani, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya nywele. Fundi bomba alikuwa akicheza na shemasi wa kanisa. Shemasi alikuwa akipiga watu mateke kwa furaha isiyofaa.

Kinyozi alinisimulia, mashine ikinguruma sikioni mwangu, jinsi alivyoanza kucheza gemu wakati wenzake wote waliziogopa. Alisema alikuwa na mashine ya gemu ya kwanza mtaani. Alisema aliteseka kwa ajili yake. Huo ni wasifu wangu! Ameuiba wote, pamoja na mateso!

Nilitaka kusimama, lakini fundi bomba alimbwaga shemasi na Kinyozi akageuka kutazama. Sasa nina upara wa upana wa vidole viwili juu ya sikio la kushoto. Alisema ndiyo mtindo.

Nikarudi ofisini nikachapa barua kwa kamati ya mashindano. Barua kali. Haina jina. Nimesaini "Wazee wa Mtaa Wenye Uchungu", kwa wingi, ili watishike. Nimesema mwanzilishi wa kweli ni mtu mnyenyekevu, karani hodari, mwenye macho mazuri. Nimeiweka kwenye bahasha na kuituma kwa tarishi.

Hakuna atakayejua. Nalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jibu limekuja. Kwa jina langu kamili, na cheo.

Limeanza hivi: "Rejea barua yako isiyo na jina."

Nilikaa chini. Nikatoa nakala yangu. Ole wangu! Kwa mazoea ya miaka kumi na tisa niliiandikia barua ile namba ya kumbukumbu, nikaigonga muhuri wa masijala, nikaiingiza kwenye rejista ya barua zitokazo, na pembeni nikaweka herufi za kwanza za jina langu. Hata tarishi alisainiwa kitabu cha barua alipoifikisha. Barua ya siri yenye nyaraka kamili kuliko barua zote za mwezi huu.

Mwandishi wa jibu ni mwenyekiti wa kamati. Naye si mwingine ila Mwalimu Mkuu wetu wa zamani, sasa mstaafu. Anasema madai yangu ni mazito na anataka ushahidi kabla ya Jumamosi.

Ushahidi ni upi? Ni mashine yenyewe. Na mashine iko wapi? Kwake! Aliitaifisha nikiwa darasa la tano. Nimesimulia kisa hicho kila harusi: jinsi alivyoninyang'anya mashine mikononi, jinsi nilivyochapwa viboko bila kutoa chozi.

Saa kumi nilikuwa mlangoni kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na pedi ya gemu mkononi, akicheza mpira na mkewe. Mkewe anaongoza tatu bila. Yule yule aliyetuambia paredini kuwa gemu hukausha ubongo! Nilimkumbusha. Akasema utafiti huendelea.

Kisha alifungua kabati. Mashine iko pale! Imefungwa kwa kitambaa cheupe, na kaseti yake pembeni. Alisema haijawahi kuwaka. Nilimuuliza alijuaje. Akakohoa. Akakiri alikuwa akiijaribu kila likizo.

Nikanyoosha mkono. Akatoa daftari la vitu vilivyotaifishwa. Kila kitu kiko humo: manati, redio, panya mmoja. Kanuni ni ile ile: kitarudishwa kwa aliyenyang'anywa, akishapata akili, kwa saini yake mwenyewe. Akaweka kidole kwenye mstari wetu. Haukuandikwa jina langu. Umeandikwa: "Kiranja wa Usafi, darasa la saba."

Huyo ni dada yangu.

Nilisema daftari lina makosa. Mwalimu alisema daftari lake halina makosa tangu alizeti za kwanza kupandwa shuleni. Nikajaribu kumsainia dada. Mwalimu akaitazama ile saini, akatoa kalamu nyekundu na kuipa mbili juu ya kumi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Dada ni mkunga. Nusu ya mtaa imezaliwa mikononi mwake, na nusu nyingine inamwogopa. Nikimwambia nataka mashine ya gemu atanisomea hotuba. Basi nikatumia akili. Nilikwenda zahanati nikamwambia kwamba Mwalimu Mkuu yu mahututi, anamtaja yeye tu.

Alikuja mbio, na mkoba wake, na kipimo cha presha. Tukamkuta mgonjwa akiruka juu ya zulia. Amesawazisha, tatu kwa tatu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua sita, kutoka mlangoni hadi kabatini. Dada alinishika sikio, lile lenye upara juu yake, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Alikuwa bado amelishika alipoiona mashine. Akaniachia.

Akapitisha kidole kwenye vitufe. Nilimuuliza kwa nini daftari linamtaja yeye wakati aliyekamatwa ni mimi.

Akasema, "Ulikuwa umeanza kulia. Nikasema ni yangu."

Mwalimu akafunua ukurasa wa pili. Kiranja wa Usafi alivuliwa ukiranja siku hiyo hiyo. Viboko vinne. Vyake.

Miaka yote nimesimulia viboko vya mtu mwingine. Niliona aibu kweli kweli, aibu ya kushuka hadi miguuni. Nimeiandika hapa ili ijulikane kuwa niliiona.

Dada akasaini. Mwalimu akauliza kama mhusika amepata akili, kama kanuni inavyotaka. Dada alisema yeye ndiyo, lakini kwa mwenzake hawezi kutoa ahadi.

Njiani nilimwomba ukurasa wa pili ubaki siri yetu. Alinitwika mashine kichwani, akatangulia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku kuu ya maisha yangu!

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bosi amevaa jezi. Shemasi ana bango la kujishangilia. Mama mkwe ana hedifoni kubwa kuliko kichwa, na wapinzani wawili tayari wamekwisha kumwamkia kwa hofu. Nilisimama mlangoni nikawaza: watu hawa wote sasa wako stoo pamoja nami, ila mapazia yamefunguliwa.

Kinyozi alikuwa kiti cha mbele, utepe kifuani. Nikaingia na mashine kichwani. Minong'ono. Mwalimu akatangaza kuwa wadai ni wawili, na mwanzilishi hatambuliwi kwa mdomo. Kila mmoja aiwashe mashine ya zamani na acheze. Runinga nene ya kizamani ilikuwa imeletwa na mlinzi kwa mkokoteni.

Kinyozi akaanza. Akasukuma kaseti. Giza. Akaipuliza, kama alivyosikia tulikuwa tukifanya. Giza. Akaipiga kofi. Akaipuliza tena hadi macho yakamtoka. Akasema imekufa, na kwamba yake ilikuwa aina nyingine.

Zamu yangu. Nilijua! Mwili ulijua kabla yangu. Kaseti ile haikai sawa, inalegea kushoto. Dawa yake ni ganda la kiberiti, unalikunja, unalichomeka pembeni, kisha unakandamiza kwa kiwiko. Kazi yangu ya kila siku, miaka minne. Nikapapasa mifuko. Kiberiti sina! Nilichokuwa nacho ni karatasi moja: nakala ya barua yangu isiyo na jina. Nikaikunja mara nne, muhuri ukabaki nje. Nikaichomeka. Kiwiko.

Ikawaka! Muziki ule mwembamba ukalia, ndege ndogo ikatokea juu ya mto, na watu wazima kwa mamia wakapiga kelele kama timu yao imefunga bao. Bosi alinikumbatia.

Kisha nikatakiwa kucheza.

Hapa naandika kweli, maana shajara haina mashahidi. Gemu ile ina madaraja saba ya kulipua. Mimi sijawahi kuvuka la pili. Niligonga daraja la kwanza baada ya sekunde tisa. Kinyozi alipochukua pedi aliishika kichwa chini, akagonga ukingo kwa sekunde nne. Nimemshinda zaidi ya mara mbili!

Nilikuwa nimeshainua mikono. Ndipo dada akatoka viti vya nyuma. Akavua saa yake ya kazi. Akaketi chini, sakafuni, miguu pembeni, kama alivyokaa stoo. Nikakumbuka. Mimi nilikuwa mtu wa kiberiti. Aliyecheza ni yeye.

Daraja la kwanza. La pili. La tatu. Vidole vilivyopokea watoto wa watu vikawa vinacheza bila yeye kuvitazama. Daraja la tano ukumbi ulisimama. La sita, runinga zote nyingine zikaachwa. Hata mama mkwe alivua hedifoni. La saba! Skrini ikawa nyeupe, kukatokea ndege ikitua. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kuiona ndege ile ikitua. Nililia mbele za watu. Safari hii hapakuwa na wa kunichukulia viboko.

Mwalimu akampa kipaza sauti na kumuuliza mbele ya kamati: mwanzilishi ni nani?

Ukurasa wa pili ulikuwa mdomoni mwake. Angeweza kunimaliza pale pale.

Dada alisema, "Mimi nilicheza. Yeye alitia kiberiti. Bila kiberiti hakuna gemu."

Basi. Kamati ikaamua palepale: ubao utaandikwa Mkunga na Popo. Na ukumbi mzima ukaanza kuimba Popo! Popo! Popo! Jina lile lile. Kinyozi naye akaimba, akaja kunipa mkono, akaniambia nipite Jumatatu anisawazishie upara. Sijawahi kupendwa na watu wengi kiasi hiki kwa wakati mmoja.

Nilimshika dada mkono tukatembea hadi kwake. Nimeapa kuacha hila. Nimeapa kwa sauti, amenisikia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimepita ukumbini asubuhi. Mchoraji wa mabango ameshaanza. MKUNGA imekaa katikati ya ubao, kubwa, inapendeza. Amesema chini yake nafasi inatosha Popo kwa herufi ndogo.

Ndogo! Herufi ndogo za namna gani? Dada mwenyewe ametamka mbele ya umati kuwa bila kiberiti hakuna gemu. Maana yake kiberiti kinatangulia. Si mimi ninayesema, ni mantiki.

Kiapo nakikumbuka. Lakini kiapo kilihusu hila, na hii ni haki.

Nimeshaandikia kamati. Barua fupi, ya heshima, haina jina. Wameisaini "Wapenda Historia ya Kweli". Safari hii nimekuwa makini, sikuthubutu kuituma hovyo. Nimeipa namba ya kumbukumbu, nimeigonga muhuri, nimeiingiza kwenye rejista, na tarishi ameondoka nayo saa tatu na nusu.