Kwa Nini "Nivushe" Haukuingia Arobaini Bora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ametuma udhuru, mwakilishi wake ambaye naye ametuma udhuru, Bwana D.O., machifu na manaibu wao, Sheikh Mohammad wa mtaa wa madukani, Mchungaji, Mama Fardowsa wa duka la redio na kanda, walimu wakuu mliopo na mlio njiani, wajumbe wa Kamati Kuu Simamizi ya Wimbo kutoka Isebania hadi Mbita, mabibi na mabwana: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Tumeshasema!)

Kwa uzito unaostahili, mimi Gisiri, Mwenyekiti wenu niliyechaguliwa bila kupingwa kwa kuwa mkutano ulifanyika sebuleni kwangu, natangaza rasmi kwamba wimbo wa binti yetu Scovia, "Nivushe", uliosubiriwa na wilaya mbili nzima tangu Krismasi, haukuingia katika nyimbo arobaini bora za redio. Haukuwa wa arobaini. Haukuwa hata wa arobaini na moja. Kitaalamu tunasema performance ilikwenda kinyume na implementation. (Minong'ono.)

Najua yanayosemwa. Hapa sokoni Migori, Scovia akipita na beseni lake la dagaa wa omena, watu wanajikohoza na kusema sauti yake ndiyo iliyoua wimbo, na nasikia hata bibi harusi wa Jumamosi, aliyekuwa amemwita aimbe, sasa anatafuta mwingine. (Scovia, aliyeketi mbele, anainamisha kichwa.) Binti, inua kichwa. Kamati imefanya utafiti wa kina, na utafiti umebaini kwamba asilimia sabini na nane ya redio za Ntimaru zilikuwa zinatumia betri zilizoanikwa juani, na asilimia hamsini na mbili ya wasikilizaji wa Isebania walizibwa masikio na honi za malori, ambazo ukijumlisha unapata asilimia mia moja na thelathini, jambo linaloonyesha ukubwa wa tatizo. (Makofi machache.)

Hata hivyo, mafanikio ni mengi mno: tulizindua wimbo mara tatu, na tukachapisha fulana zenye picha yangu, kwani picha ya Scovia ilikuwa bado haijatoka kwa mpiga picha, na wakati haumsubiri msanii.

(Filister, muuza nyanya: "Jaduong', mzee wetu, hizo ni fulana. Wimbo wenyewe tumeusikia wapi?")

Mama Filister, swali zuri sana, litajibiwa kwa maandishi.

("Jibu kwa mdomo, si unao hapo!" Kicheko.)

(Scovia: "Mzee, waambie tu. Jumamosi ni keshokutwa.")

Haya. Wacha niweke hii karatasi chini.

Siku ya kurekodi tulikwenda Homa Bay, studio ya Monari, kamati nzima, maana huwezi kumwachia msichana mafanikio akiwa peke yake. Scovia akasimama kwenye maikrofoni, gitaa likaanza. Sasa mnajua desturi ya huku: muziki ukilia, mtu hujisifu kidogo, ile pakruok, ataje jina lake na watu wake. Nikaomba nafasi, machache tu. Nikajitaja, nikamtaja mke wangu Priscilla, watoto, mashemeji, na marehemu baba. Mweka Hazina akaona akinyamaza ataonekana si mtu, akataja wake. Wajumbe wote wakafuata. Upande wa kwanza wa kanda ukaisha. Tukageuza, na upande wa pili tukautumia kwa wale tuliowasahau upande wa kwanza. Scovia alifungua mdomo mara moja tu, akapiga chafya. (Kicheko.) Halafu stima ikapotea.

Kanda tukaituma Nairobi hivyo hivyo, tukijipa moyo kwamba redio wataimalizia huko. Wao wakasikiliza: Gisiri, mume wa Priscilla, mwana wa marehemu Maroa, shemeji wa fulani na fulani, huku gitaa likilia taratibu. Wakaiweka kwenye matangazo ya vifo. Ndiyo maana wale jamaa wa Mbita walifika kwangu na sukari, wakilia tangu barabarani, nikawafungulia mlango mimi mwenyewe. Mmoja alikimbia hadi stendi. Waliobaki, ile sukari tuliinywa pamoja kwenye chai, na nawashukuru, walinisifia sana kabla sijafungua.

Kwa hiyo iandikwe wazi: sauti ya Scovia haijaua kitu. Haimo hata kwenye kanda.

"Nivushe" juu! "Nivushe" juu zaidi! (Mtu mmoja: "Juu wapi?")

Asanteni, ero kamano, kwa kuusubiri, kuuvalia fulana, na hatimaye kuuponda wimbo ambao hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuusikia, kwa sababu haupo. Bibi harusi, nakuona hapo nyuma, usijifiche. Msikilize mwenyewe leo, ndipo uamue.

(Scovia, akiwa tayari amesimama: "Basi shuka, Mzee, nianze.")