Sauti ya Chura wa Mwambani

Jumatatu, 4 Machi
Profesa kafika makumbusho. Mama mzito, maneno machache. Anataka msaidizi wa kudumu kitengo cha vyura. Mimi kibarua mwaka wa tano! Mwenzangu Kidevu naye kibarua, tena ana kimbelembele. Profesa kasema atakayemletea sauti ya chura wa mwambani, yule mdogo wa kijivu wa kwenye maporomoko ya kijito, kazi ni yake. Hajawahi kurekodiwa na mtu. Naitaka kazi hii!

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi nzima kijitoni. Nimemwona! Kakaa jiweni, povu linamrukia, vidole vyake vinanata kama stempu. Viluwiluwi wake nao wamegandia mwamba kwa midomo, mkondo hauwabandui. Ila sauti, hakuna. Nimerekodi maji tu.
Jioni nikajifungia bafuni nikarekodi chura wangu mwenyewe. Mke wangu akauliza mlangoni kama nimekabwa na kitu.

Jumatano, 6 Machi
Profesa kasikiliza mara mbili, uso mkavu. Kasema Ijumaa twende akamsikie mwenyewe. Nikasema sawa. Habari njema: Kidevu kaomba ruhusa Ijumaa hiyohiyo, jino linamsumbua. Pole yake!

Ijumaa, 8 Machi
Nilisema natangulia kusafisha njia. Nikajibanza nyuma ya jiwe, maji kiunoni, meno yanagongana. Profesa alipokaa ukingoni na kinasa sauti chake, nikaanza. Krii-kwo!
Nikajibiwa. Kutoka nyuma ya jiwe la pili! Machozi yalinilenga. Kumbe yupo, kumbe anaongea! Nikaita tena, akajibu kwa hasira, nami nikapandisha sauti. Tukaitana hivyo tukisogeleana, mpaka nikazunguka jiwe na kugongana pua na Kidevu, mashavu yamemvimba kwa upepo. Jino gani lile? Mtu hana haya hata kidogo.
Pembeni yetu alikuwepo chura mwenyewe, kimya. Akanyoosha mguu wa nyuma, akatandaza vidole, akaupunga taratibu.
“Tokeni hapo, mnamziba,” akasema Profesa.
Njiani akatueleza, bila hata kutukasirikia, kwamba sasa kaelewa kwa nini hakuna aliyewahi kumrekodi. Kelele za maji zingeimeza sauti yake, basi anaongea kwa mguu. Afadhali angetutukana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi, 9 Machi
Profesa ana roho nzuri. Kazi bado ipo, ya atakayeleta video ya chura akipunga mguu, vidole vionekane vizuri. Kidevu kaja nyumbani kuomba tuache ujanja, tukae kijitoni tusubiri kama watu wazima. Nikampa mkono. Nikamwambia mimi nimeshajifunza.
Mke wangu anatafuta glavu yake ya mpira ya kuoshea vyombo. Nimesema sijaiona. Ina vidole vitano, sawasawa na mguu wa nyuma wa chura. Imebaki kuipaka rangi ya kijivu.