Viti vya Nerima Viko Nje

Jumatatu, 11 Agosti

Nerima ameondoka asubuhi kwenda semina ya walimu Eldoret. Anarudi Jumapili. Ameniachia sheria moja tu: nisiguse kitu chochote ndani ya nyumba. Ameisema mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amenishika kola.

Si mzaha. Kwenye droo ya kabati kuna fomu ya uhamisho wa kwenda kufundisha Kitale, kwao. Ameijaza yote, imebaki sahihi. Akirudi akute nyumba bado ni nyumba, atairarua. Akikuta nimeigeuza kitu kingine tena, anatia sahihi na anahama na binti yetu Nanyama. Nanyama mwenyewe yuko Kitale tayari, likizo kwa nyanya yake. Yaani nusu ya kuhama imeshafanyika.

Akisema "tena" anamaanisha wale kware niliowafuga sebuleni. Na uyoga chini ya kitanda. Sitaki kuzungumzia uyoga.

Nimekubali kila kitu. Nina wiki nzima ya kukaa kitako kama mtu mwenye akili.

Jioni Kemboi, jirani wa ng'ambo ya ua, amepokea mgeni mwingine. Anakodisha kile chumba chake cha nyuma kwa watu wa mtandaoni wanaokuja kupanda mlima wa Menengai. Kemboi! Mtu wa viazi! Aliniuliza juu ya ua sasa niko na mradi gani. Nikamwambia nimestaafu miradi. Alicheka kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeongea na Kimberly, bintiye Kemboi, anayesomea mapambo ya nyumba chuoni. Nilijifanya namuulizia rafiki. Alisema wageni wa siku hizi hawataki sebule iliyojaa masofa, wanataka boho. Nikauliza boho ni nini. Akasema ni bohemia. Na bohemia? "Ni vibe tu, uncle."

Akanionyesha picha kwenye simu. Watu wamekaa chini kwenye mikeka na mito. Mimea inaning'inia. Mishumaa mchana. Hakuna kiti hata kimoja. Nikadhani ni wapangaji waliochukuliwa viti na landilodi. Kumbe ndio mtindo, na watu wanalipia kulala hapo.

Kanuni yake kubwa: vitu visifanane, lakini visifanane kwa mpango. Nimeiandika na kuipigia mstari. Sijaielewa.

Nimeifikiria sheria ya Nerima kwa makini. Alikataza nyumba kugeuzwa kitu kingine. Sasa, sebule itabaki sebule. Hii si kugeuza, ni kupamba. Na akikuta imependeza, na ina mgeni ndani, fomu ataichana kwa furaha. Ukitazama vizuri, kukaa kitako ndiko kungekuwa kumvunja moyo.

Nimetangaza sebule mtandaoni. Kabla ya chai ya saa kumi, kijana wa Nairobi anayeitwa Travis amethibitisha kuja Jumamosi. Kemboi alingoja mgeni wake wa kwanza miezi minne!

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Bondeni, kwa fundi cherehani Masinde, na gunia la mapazia ya mitumba. Nilitaka mito kumi na miwili. Masinde aliuliza hiyo bohemia ni kampuni ya nani. Nikamwambia ni kitu cha Ulaya. Akashona mito kumi na miwili inayofanana kabisa, kazi safi sana. Nikamwambia isifanane. Akauliza isifanane vipi. Nikasema kwa mpango. Akauliza kama mke wangu anajua niko hapa.

Kamba za mkonge nimenunua, zile za kufungia ng'ombe, za kutundikia mimea. Mimea yenyewe imekuwa shida. Nimetundika mkungu mmoja wa ndizi mbichi na sufuria mbili za giligilani. Kimberly alipita, akatazama ndizi, akasema sawa tu. Sauti yake haikusema sawa.

Nerima alipiga simu saa mbili, kama kawaida yake. Aliuliza kama nyumba iko salama. Nikamjibu haijawahi kuwa salama hivi.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya viti. Ni seti ya watu saba ambayo Nerima aliiwekea akiba miaka mitatu, na juu yake vile vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe. Vitambaa nimevikunja kwa heshima na kuvilaza juu ya ile fomu. Viti nimevitoa uani kimoja kimoja. Kile kirefu kilikwama mlangoni na mimi nikiwa upande wa ndani.

Hapo likatokea jambo ambalo sijalielewa mpaka sasa. Kemboi aliniona. Hakucheka. Aliruka ua, mtu mzima na tumbo lake, akashika mguu wa kiti bila kuambiwa. Tulipomaliza akavua kofia, akauliza Mwalimu yuko wapi. Nikamwambia Eldoret. Akafunga macho. Akasema madaktari wa Eldoret huwa wanajitahidi sana. Nilikubali kwamba wanajitahidi, ingawa sijui madaktari waliingiaje kwenye mazungumzo ya sofa.

Baadaye akaniletea turubai la lori alilolitoa Salgaa, kule malori yanakolala, tukafunika viti visinyeshewe. Akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Wivu humbadilisha mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sebule imekamilika. Sakafuni magodoro yote ya nyumba, juu yake mikeka, juu ya mikeka mito ya Masinde. Pazia nimefunga ili mishumaa ionekane. Kisha nikawa na wazo la kumlainisha Nerima: picha yake kubwa ya kuhitimu nimeiweka kwenye stuli mbele ya kila kitu, mshumaa kulia, mshumaa kushoto, na maua kidogo. Akiingia ajione wa kwanza.

Saa tano akaja Tabby, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, na wenzake sita. Sukari, majani ya chai, maziwa, unga. Nilishangaa habari ilivyosambaa. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa! Nilikuwa nimeandaa maelezo ya jinsi ya kukaa chini, lakini walikaa wenyewe, miguu wameinyoosha, wakaitazama picha ya Nerima. Mmoja akafuta machozi. Nami nikaguswa. Sikujua mapambo yanaweza kumfikia mtu hivyo.

Tabby aliuliza kama nimekula. Nikasema nilikuwa nikihangaika na mito. Akatikisa kichwa, akaniongoza kwa kiwiko hadi kwenye godoro, na tangu hapo sijaruhusiwa kuingia jikoni kwangu.

Kufikia saa kumi walikuwa watu arobaini. Kemboi alileta kuni na hema. Kuna watu humo sijawahi kuwaona, na wote wananishika bega. Nilimwonyesha mzee mmoja zile kamba za mkonge. Akaniambia nijikaze. Nikasema kazi ngumu imeshapita. Akasema hapana, ngumu bado inakuja, hasa jioni.

Jana Nerima hakupiga simu, na leo saa mbili pia hakupiga. Nimempigia mara mbili. Hapatikani. Labda ni stima.

Jumamosi, 16 Agosti

Siandiki vizuri.

Asubuhi walikuja wengine. Saa sita akafika Pasta Bethwel, akakaa karibu nami kwenye mto wa maua. Alitaka niseme maneno machache juu ya Mwalimu. Nikasema ni mkali lakini ana haki. Watu wakaitikia amina. Nilidhani ni ibada ya kufungua sebule, na niliona imezidi kidogo, lakini sina uzoefu na bohemia. Kisha Pasta akauliza kama tumeafikiana na wakwe kuhusu siku ya mazishi.

Nikauliza mazishi ya nani.

Tabby akanikumbatia kichwa. Akasema polepole, kama anavyoambiwa mtoto, kwamba ni Nerima, na kwamba moyo wakati mwingine hukataa kuamini.

Nilipiga simu. Hapatikani. Nikapiga tena. Mara sita. Nikawatazama wote wale, watu arobaini na zaidi, Pasta mzima, na nikaona wao wanajua na mimi sijui. Habari iliwafikia tangu Alhamisi, na mimi nilikuwa nikipanga mito isifanane! Nikaelewa kuni, nikaelewa hema, nikaelewa madaktari wa Eldoret.

Nililia. Sikulia kiume. Nililala kifudifudi kwenye mkeka nikalia kwa sauti, nikamwambia Nerima mbele ya watu wote kwamba alinikataza nisiguse na nimegusa, arudi tu, viti vitarudi, fomu atie sahihi akitaka, aende Kitale, mradi awe mahali fulani duniani akinikasirikia. Travis wa Nairobi aliingia wakati huo na begi lake mgongoni. Alivua viatu, akakaa kando yangu, akapewa ugali na kuku, naye akaanza kulia. Sijui yeye alikuwa akimlilia nani.

Saa kumi na moja Nerima akaingia.

Tabby aliachilia trei. Pasta alianzisha wimbo, akauacha kwenye neno la pili. Watu watatu walitokea dirishani, mmoja wao Kemboi, na dirisha lile si kubwa. Nerima alisimama mlangoni na mkoba wake. Alitazama picha. Alitazama mishumaa. Akaizima, mmoja, mwingine. Kisha akauliza viti vyake viko wapi.

Kumbe stima ilipotea hostelini kwao tangu Alhamisi. Alipochaji simu leo mchana ikafurika rambirambi, zote zikimhusu yeye. Ya kwanza ilimwomba ajikaze.

Pasta, alipopata sauti, akataka kujua nani alileta habari ya kifo. Kila mtu akataja mwingine, mpaka wakafika kwa Tabby, na Tabby akasema aliambiwa na Kemboi. Kemboi akaitwa arudi ndani kupitia mlango. Alisema yeye hakuambiwa na mtu. Aliona viti.

Wote wakanigeukia. Tabby ndiye aliyeongea, na hakuongea polepole tena. Aliuliza: mtu ametoa viti vyote nje, amevifunika turubai, amelaza magodoro sakafuni, amefunga pazia mchana, ameweka picha ya mke wake katikati ya mishumaa. Majirani waelewe nini, kwamba ni birthday?

Nikasema ni bohemia.

Jumapili, 17 Agosti

Viti vimerudi ndani. Waombolezaji ndio waliovirudisha, kwa mstari, kabla ya ibada. Kemboi alibeba kile kirefu peke yake na hakunitazama usoni.

Nerima alikaa kwenye kiti chake, vitambaa vikiwa mahali pake, akafungua droo na kutoa fomu. Nilisimama. Aliuliza kama ni kweli nililia. Nikasema kidogo. Travis, ambaye alikuwa bado anakunywa chai yetu, akasema si kidogo, hajawahi kuona mzee akilia hivyo, na akarudia maneno yangu yote hadi yale ya kunikasirikia. Nerima akasema watu arobaini walikaa chini siku mbili kwa ajili yake, na kwamba hakujua. Macho yake yalikuwa mekundu.

Hakuirarua fomu. Hakutia sahihi pia. Ameirudisha kwenye droo na kunipa hadi Desemba. Nimeapa mbele ya Travis kwamba viti hivi sitavigusa tena maisha yangu yote. Niliapa kwa moyo wangu wote. Usiku wa leo nitalala kama mtoto.

Jumatano, 20 Agosti

Travis ameandika maoni yake mtandaoni. Nyota tano! Anasema hajawahi kupokelewa hivyo mahali popote, kwamba jamii nzima ilishiriki, na chakula hakikuisha. Kemboi hajawahi kufikisha nyota tano.

Nimekaa na kufikiri. Watu arobaini, siku mbili sakafuni, na hakuna hata mmoja aliyelalamikia mito. Tabby mwenyewe alimuuliza Masinde inashonwaje. Kosa langu halikuwa mapambo. Kosa lilikuwa kupambia watu walio hai. Mtaa wetu wa Kiamunyi wote, hadi mjini, hakuna mtu anayepamba matanga kwa mpango. Mikeka, mishumaa, picha katikati. Bohemia ya msiba! Nashangaa hakuna aliyeliona hili.

Kinachohitajika ni picha za mfano za kuonyesha wateja. Nerima anakwenda Kitale Ijumaa kumchukua Nanyama, anarudi Jumatatu. Viti sivigusi, kiapo ni kiapo. Nimepima kitanda na kabati la nguo: vinapita mlangoni vikilazwa ubavu, na turubai la Salgaa bado liko uani.

Picha ya Nerima sitathubutu. Kimberly amenipa moja nzuri ya babake akiwa na suti, nimemwambia ni mshangao. Kemboi mwenyewe amesafiri kwenda Eldoret tangu jana, kwa hiyo hatajua chochote.