Mgonjwa Aliyelala

Jumatatu, 3 Machi
Sijawahi kumwambia mtu, hata mama: nataka kuwa daktari wa upasuaji kwa sababu mgonjwa wake amelala. Hasemi. Hakukodolei macho. Raha gani tena!

Leo mwalimu wa baiolojia katangaza kwamba shule itampendekeza mwanafunzi mmoja tu kwa chuo cha udaktari. Darasa zima likamgeukia Kasuku. Kwa alama nimemshinda, lakini yeye ana mdomo. Na mwalimu kasema alama hazitoshi, anamtaka aliyewahi kuhudumia wagonjwa. Kasuku akanipiga bega. "Pole, Bubu. Jaribu ukutubi."

Nimeuwaza ukutubi kidogo. Kuna ukimya. Hapana! Udaktari!

Jumanne, 4 Machi
Mpango! Shangazi ni muuguzi wa zahanati. Nikamwomba nijitolee chumba cha kushonea vidonda. Alicheka mpaka akashika mbavu, akanipa kazi ya kupanga mafaili mapokezi. Si neno. Kesho navaa koti jeupe la maabara ya shule. Mwalimu akipita, aone daktari.

Jumatano, 5 Machi
Koti limeniponza. Bibi mmoja kanidhania daktari. Nikataka kukana, sauti ikagoma. Akanieleza goti. Kisha mkwewe. Kisha goti tena, ambalo kumbe huuma mkwe akija. Nikasema pole. Kugeuka, foleni imefika mlangoni!

Shangazi akanivua koti mbele ya umati, akauliza nani kaniruhusu kutibu watu. Bibi akamjia juu: mtoto hajatibu mtu, amesikiliza tu, na aachwe, maana yeye bibi hajamaliza kusimulia.

Ijumaa, 7 Machi
Kasuku naye kaja kujitolea. Kabla ya chai alikuwa kawatajia wagonjwa magonjwa yao yote, pamoja na mengine wasiyokuwa nayo. Mzee mwenye kikohozi akaondoka analia, kaenda kuaga ndugu zake. Shangazi kamtimua Kasuku. Sikucheka. Nilicheka chooni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimechaguliwa mimi! Shangazi alimpigia mwalimu simu, akamsimulia nilivyomsikiliza bibi. Mwalimu kaliambia darasa kwamba wa kukata ni wengi, wa kusikiliza ni haba. Barua itasema kipaji changu ni kukaa na wagonjwa. Ila kuna sharti: likizo nzima nihudumu hospitali, niongeze uzoefu. Mama kalia kwa furaha. Nami nimelia, kwa sababu zangu.

Jumanne, 11 Machi
Mwalimu hakutaja hospitali ipi wala idara ipi. Basi nikaenda hospitali kubwa, nikaomba kujitolea chumba cha maiti. Kule hata kukohoa hawakohoi. Mhudumu akanikumbatia. Kasema ana miaka kazini hajapata wa kuongea naye. Akavuta viti viwili, akaanzia alipozaliwa. Alipofika ndoa ya pili nikamsubiri apumue, nikaomba kalamu, nikajiandikisha.