Usiniambie Mwisho, Mwalimu

Jumatatu, 14 Julai

Vita! Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Hezekia, ametangaza kwamba maktaba inageuzwa stoo ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Wazo la Madam Loveth wa kamati ya chakula, nani mwingine? Eti magunia yanalala nje huku vitabu visivyo na msomaji vikilala ndani. Walimu wakacheka. Mimi, Ditram, msimamizi wa maktaba mwaka wa kumi na moja huu, sikucheka. Nimepewa hadi Ijumaa saa nane. Wanafunzi arobaini waazime vitabu, la sivyo magunia yanaingia.

Nitawapata. Nina sanduku la riwaya za mapenzi tulizopewa na mstaafu mmoja wa Mikumi. Safi, za vijana, hazina matusi. Kidato cha tatu gani kitakataa mapenzi?

Jumanne, 15 Julai

Nimebandika mapendekezo kwenye ubao wa matangazo. Riwaya kumi na mbili! Nimesoma kurasa za mwisho tu, muda wa zaidi ninao wapi? Ya kwanza: "Nisubiri Kidete. Soma uone Neema anavyofia stesheni treni ikiwa imeshaonekana. Utalia!"

Wanafunzi wamesoma ubao wote, wameguna, wameondoka. Ameazima mmoja, na alitaka fizikia.

Nalepo wa kidato cha tatu, msomaji wangu pekee wa kweli, kanipa shikamoo, kisha kaniuliza kwa adabu: kama Neema ameshakufa ubaoni, wao watafute nini kitabuni? Nimemwambia watafute msamiati.

Jumatano, 16 Julai

Kosa nimeligundua. Maandishi yalikuwa madogo. Leo nimesimama mstarini nikawasimulia miisho yote kumi na miwili kwa sauti, dakika ishirini. Mmoja uliniliza mwenyewe. Wakati huohuo Madam Loveth alikuwa anapima mlango wa maktaba kwa futi. Hana haya!

Hakuna aliyeazima. Nalepo kaomba aandike yeye vikaratasi vya kuchomeka kwenye vitabu ambavyo sijavitaja. Nimemruhusu, ajifunze. Masikini, kazi nusu! Kimoja kinasema: "Behewa la tatu limefunguka, na anayeshuka si Kulet." Basi! Hajasema ni nani! Mtoto hajui kumaliza jambo.

Alhamisi, 17 Julai

Foleni hadi bombani! Thelathini na tisa! Hotuba yangu ilichelewa kuiva, kama maharage ya zamani, lakini imeiva. Nimemshauri Madam Loveth kwa upole atafute turubai.

Ijumaa, 18 Julai

Saa saba na nusu, bado mmoja. Nalepo! Alikuwa anawaandikia wenzake, mwenyewe hajaazima. Kaja na Mvua ya Mvumi, kitabu alichokificha nyuma ya rafu wiki nzima ili asome wa mwisho. Anacheka peke yake kwa furaha. Kaniomba jambo moja tu: usiniambie mwisho, mwalimu.

Nikaapa. Na nikatimiza! Sikufungua mdomo. Nilichungulia ukurasa wa mwisho, na nilipoandika tarehe ya kurudisha niliongeza tu chini yake, kwa kalamu nyekundu, asije akakosa usingizi: "Usiogope. Sironga anarudi, wanaoana."

Kasoma. Kakifunga. Kakirudisha mezani taratibu, kasema asante mwalimu. Kaondoka bila kitabu.

Saa nane kamili Madam Loveth kaingia na gunia la kwanza.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mahindi. Sanduku langu liko chini ya magunia sita. Imeniuma, sifichi. Nimemuwaza sana Nalepo. Kitabu alikitamani wiki nzima, mbona kakiacha? Asubuhi hii nimepata jibu: wino mwekundu! Wanafunzi wakiuona wanadhani wamekosea.

Jumatatu namwomba Mkuu wiki nyingine. Nimeshanunua kalamu ya kijani, na nimeanza nayo barua ya kumwomba Nalepo radhi. Kurasa nne. Nimemwekea humo miisho ya riwaya zote ambazo hajasoma.